Ndoo ya Misumari Saba

Haki ya Mungu tena! Naapa kwa macho yangu haya mawili, nikiongopa hata nusu neno nipofuke hapahapa nilipokaa, na ulimi huu udondoke kuku wauokote! Mimi si mtu wa chumvi. Watu wananisingizia. Shule sikwenda, lakini kuona naona, na haya ya nyumba ya Bwana Itafaa sikuhadithiwa na mtu.

Bwana Itafaa ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Jina hilo tulimpa mtaani kwa sababu hatupi kitu. Kiatu cha mguu mmoja, itafaa. Mpini usio na jembe, itafaa. Mlango wa friji ambayo yenyewe haipo tena, itafaa. Stoo yake ukiifungua lazima urudi nyuma hatua tatu, maana vitu vinakurukia kama mbwa waliofungiwa.

Mama yake mzazi, tunamwita Bi Mkubwa, alikuwa kwa binti yake miezi mitano akitibiwa mguu. Akatuma salamu kwamba anarudi. Itafaa akasema mama ameiacha nyumba imebabuka, safari hii aikute inameremeta. Akakataza asiambiwe, eti ashangae akifika. Ndipo akaitwa Fundi Mistari.

Kama humjui Fundi Mistari, hujaona fundi wa rangi. Yule bwana alikuwa anavuta mstari kwa brashi, bila tepu, bila rula, kutoka pembe mpaka pembe, na sisimizi wakiutembelea wananyooka wenyewe. Mkono wa kulia. Mkono ule ulikuwa unalisha mke, watoto wanne na wazazi wa pande zote mbili. Ngazi ilikuwa yangu. Niliichomelea mwenyewe, ndefu, ukifika juu unahitaji koti. Kwa hiyo nilikuwepo tangu asubuhi ya kwanza, kulinda mali yangu.

Ndoo saba za rangi mpya zilikuwa zimepangwa uani. Fundi ameshika bisibisi, anataka kufungua ya kwanza, Itafaa akamzuia.

"Ngoja kwanza. Stoo kuna rangi ya ukuta wa nje. Ilibaki marehemu mzee alipopaka ukuta wa nyuma."

"Lini hiyo?"

"Nilikuwa sijaota meno ya ukubwa."

Fundi akamtazama kichwani. "Kaka, wewe una mvi."

"Itafaa."

Mkewe akacheka kutoka jikoni. "Fundi, usishindane naye. Huyo alitaka kuweka akiba hata maji yaliyokwisha kuoshea vyombo."

Wakaingia stoo. Nami nikaingia, maana giza mimi siogopi. Kila kitu mle kilikuwa na vumbi la kulimia mchicha. Isipokuwa ndoo hiyo. Ndoo ya bati, safi, imetoka jasho, kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

Mfuniko ulikuwa umepigwa misumari saba kuzunguka mdomo, yote imekunjwa kwa ndani ya ukingo. Juu ya mfuniko pana alama ya kiganja, nyeusi.

"Hii nini?" Fundi akauliza.

"Si mafundi huwa mnaandika juu ya mfuniko? Sebule, jikoni, ukuta gani, ili kesho msichanganye. Sasa mzee hakujua kuandika. Hiyo ndiyo sahihi yake."

Fundi akahesabu. "Ina vidole sita."

"Mkono ulitikisika. Ng'oa."

Aling'oa. Msumari wa saba ulipotoka, mfuniko ulijiinua wenyewe kidogo, ukatoa pumzi, *fyuuu*, kama mtu aliyetua mzigo. Sasa nyie mnajua rangi ya miaka thelathini inavyokuwa. Ama ni jiwe, ama inanuka yai viza mpaka paka wanahama. Ile ilikuwa laini kama maziwa yaliyokamuliwa muda ule. Haina utando. Nilichungulia, nikaona ubaridi unanipanda usoni.

"Mimi sijaipenda," Fundi akasema. "Tuipake kwanza nyuma ya choo, tuiangalie siku mbili."

"Fundi, rangi hii mama anaipenda kuliko sisi wanawe. Kila mchana alikuwa anaweka kiti, anakaa kuutazama ukuta wa nyuma mpaka jua linapinda. Na madukani haipo tena. Changanya, nyumba nzima itoke rangi ya mama."

Mtindo wa mafundi ndio huo: ndoo hata zikitoka duka moja haziwi sawasawa, kwa hiyo fundi mzuri anamimina zote kwenye pipa moja, anakoroga, nyumba inatoka sura moja. Fundi akavuta soksi ya kike kwenye mdomo wa pipa kuchujia, akamimina ile ya zamani. Ndani ya soksi kukabaki uzi mweusi wenye mafundo. Fundi akautupa. Itafaa akauokota, akaupangusa kwenye suruali, akaenda kufungia mlango wa banda la kuku.

Nilikuwa nimeshika kikopo changu siku hiyo. Hayo tuyaache kwanza.

Siku ya kwanza akapiga mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, nyumba nzima, pande nne. Rangi ilipokelewa na ukuta vizuri ajabu. Fundi alisema ukuta ulikuwa unaivuta brashi, yeye anafuata tu. Akashuka ngazi anatabasamu. Lakini nilimwona anatikisa mkono, kama umekufa ganzi.

Siku ya pili rangi haikukauka.

Na jua lilikuwa la kukaangia mayai juu ya bati! Mke wa Itafaa alianika nguo, zikakauka kabla hajabana ya mwisho. Ukuta umelowa vilevile. Ukigusa, kidole kinatoka kikavu, lakini ukutani linabaki bonde la kidole chako, halafu linajaa taratibu kama kinywa kinachofumba. Harufu nayo ikaanza. Haikuwa harufu ya rangi. Ilikuwa harufu ya chumba ambacho mtu mmoja amefungiwa muda mrefu sana.

Adhuhuri Fundi alikaa kibarazani, sahani mapajani, anakula. Mke wa Itafaa alikuwa amekaa mbele yake. Na mimi pale pembeni, sahani yangu ya tatu. Tukasikia, upande wa nyuma, brashi inapaka. *Shwaa. Shwaa.* Polepole, mkono wa mtu anayejua kazi.

Mke wa Itafaa akanong'ona, "Fundi, nani anakusaidia?"

"Sina msaidizi, shemeji."

"Sasa nani yule?"

Fundi alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa unapanda na kushuka juu ya sahani, wenyewe, sawa kabisa na ule mlio. *Shwaa.* Unapanda. *Shwaa.* Unashuka. Tonge lilimtoka likadondoka chini, mkono ukaendelea.

Nilitaka kwenda kuangalia nyuma. Mnanijua mimi, nyoka nimekamata kwa mkia. Lakini mguu ulikuwa umelala.

Siku ya tatu, saa sita kamili, jua la utosi. Nilikwenda kuchukua ngazi yangu. Fundi alikuwa ameshuka, amesimama katikati ya uwanja na brashi mkononi, amekonda usiku mmoja kama aliyefunga mwezi. Sauti imemtoka, anaongea kama redio iliyoishiwa betri. Mimi nikatazama chini. Kivuli changu kipo miguuni, kifupi, kinene, kivuli cha mwanamume. Cha Itafaa kipo. Cha mkewe kipo, na cha kuku mmojammoja. Miguuni kwa Fundi pana mchanga mweupe tu.

Nikainua macho ukutani, na ndugu zangu, kivuli cha Fundi Mistari kilikuwa kule juu, karibu na paa, mahali aliposimama siku ya kwanza, mkono wa kulia umeinuliwa na brashi, cheusi kuliko masizi, na hakuna mtu pale, hakuna ngazi, na wakati mimi natazama kile kivuli kilipitisha brashi mara moja, *shwaa*, kisha kikageuza kichwa kututazama.

"Baba watoto," mke wa Itafaa akasema taratibu sana, "mpigie mama."

"Tutamshtua..."

"Mpigie mama!"

Kabla hajatoa simu mfukoni ukuta ukasema. Ilikuwa sauti ya marehemu mzee. Mimi naijua, aliwahi kunifukuza kwenye mapera yake nikiwa mdogo. Ikaita jina la utotoni la Itafaa, jina ambalo hata mkewe halijui, kwa upole, kama mtu anayeita mtoto aje kula.

"Mwanangu. Njoo uegemee kidogo. Umechoka."

Na Itafaa akaanza kwenda. Mtu mzima, machozi yanamtiririka, anasema "Naam, baba, naam, baba," anauelekea ukuta mikono mbele. Mkewe alimrukia kiunoni wakaanguka wote. Mimi ndiye niliyewatoa pale, mmoja bega hili na mwingine bega lile. Basi, kama si mabegani, niliwavuta. Basi, nilipiga kelele wakaamka.

Mkewe ndiye aliyepiga ile simu, na Bi Mkubwa alifika ndani ya saa moja, kwa gari la kukodi. Alipotokeza na gongo lake na kuiona nyumba inameremeta, hakushangaa kama mwanawe alivyotaka. Aliketi palepale mchangani.

"Ndoo," akasema. "Mmefungua ndoo."

"Mama, tulitaka kukufurahisha. Rangi unayoipenda..."

"Ninayoipenda! Nani alikwambia naipenda?"

"Kila mchana ulikuwa unaweka kiti unautazama ule ukuta."

"Nilikuwa naulinda, we mtoto! Nilikuwa naangalia kama unakauka, kabla hatujaukwangua!"

Akatueleza, na alivyoeleza nami naeleza. Nyumba hii walipojenga walikuta jini kwenye ukuta wa nyuma. Lilikuwa linaita watu kwa sauti za wapendwa wao, anayeegemea linamnyonya kivuli, akishaisha kivuli anaisha mwenyewe. Mganga aliyeitwa alilivuta likaingia kwenye rangi iliyokuwa inapakwa, wakaikwangua yote, wakaifungia kwenye ndoo, uzi wa mafundo saba umezamishwa ndani, misumari saba juu. Kile kiganja mfunikoni hakikuwa cha mzee. Lenyewe ndilo lililogonga kutoka ndani, mara moja, likanyamaza. Mganga alishakufa. Lakini aliyeshika ndoo siku ile ni Bi Mkubwa, na alikuwa hajasahau hata neno moja.

"Lingekuwa ndoo moja ningelifunga mwenyewe nimekaa," akasema. "Nyie mmelipaka nyumba nzima. Mmeligawia vyumba."

"Na mimi, Bi Mkubwa?" Fundi akauliza. Alikuwa ameegemea ngazi, anapepea kama karatasi.

Bi Mkubwa akamtazama, kisha akatazama ukuta. Pale chini kwenye msingi rangi ilikuwa imeanza kukauka, kama mpaka unaopanda, upana wa kiganja, mara viganja viwili.

"Rangi ikikauka mpaka juu, mwanangu, kivuli chako ni mali ya ukuta. Kwangueni. Kila mwenye mkono akwangue. Na likikuita, usiitike. Hata likikuita kwa sauti yangu. Na uzi wangu wa mafundo uko wapi?"

Fundi akasema kwa sauti ya mbu, "Niliutupa."

Itafaa akainua kidole, ana aibu. "Upo. Nimefungia kuku."

Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho tabia ile kumfaa mtu.

Tulikwangua. Visu, koleo, vipande vya bati, mke wa Itafaa na mwiko wa chuma. Na ajabu niliyoiona sijawahi kuiona: tulichokwangua kilikuwa kinagawanyika hewani, ile rangi mpya inaanguka unga mkavu, ile ya zamani inatiririka mchangani yenyewe, nyembamba kama nyoka, inaelekea kwenye ndoo ya bati aliyoikumbatia Bi Mkubwa katikati ya miguu yake, na ndoo inajaa huku yeye anasoma maneno chini kwa chini. Na ukuta ukaanza kuita. Ulimwita Itafaa kwa sauti ya babake, ukamwita mkewe kwa sauti ya mtoto wake aliyekuwa shuleni muda ule, "mama nimeanguka, mama njoo," mama wa watu akauma shela yake mpaka ikatoboka na mikono haikuacha kukwangua, ukaniita mimi kwa sauti ya mke wangu ikinisifia, ndipo nikajua ni jini, na mwisho ukamwita Fundi kwa sauti ya Fundi mwenyewe, ile yake ya zamani, nene, ya mtu mzima mwenye afya, "rudi juu, kazi haijaisha, rudi juu umalizie mstari," na yule bwana akiwa juu ya ngazi yangu, mwepesi mpaka ngazi haikulia, akawa anakikwangua kivuli chake mwenyewe kuanzia miguuni, na kivuli kinamtazama, na rangi kavu inapanda, imefika dirishani, imepita dirisha, imefika kwenye ngazi ya kumi na mbili, na yeye analia bila sauti na anakwangua, kiuno, kifua, kichwa, mpaka kile kitu kikabanduka chote kikaporomoka chini kama shuka iliyodondoka kambani, kikamkimbilia miguuni.

Bi Mkubwa akauzamisha uzi ndani, mafundo yote saba, akagonga mfuniko. Msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akasimama. Akafunua kidogo, akachungulia.

"Haijafika alama," akasema. "Mzee alichora mstari ndani. Imepungua kikopo kimoja."

Tukazunguka nyumba. Hakuna hata tone. Akatutazama mmojammoja.

"Kuna iliyotoka nje ya nyumba hii?"

Itafaa akasema hapana. Mkewe akasema hapana. Fundi alikuwa amekaa chini, anajipapasa, anakitazama kivuli chake kimerudi mchangani. Kichwa kipo, mabega yapo, miguu ipo. Upande wa kulia, kuanzia kwenye bega, hakuna kitu.

Bi Mkubwa akanifikia mimi. Nikatazama juu, nikasema naona wingu la mvua.

Sikieni, mafundi wote humpa jirani rangi kidogo, si wizi huo. Nilimwomba Fundi pale pipani asubuhi ya kwanza, akanijazia kikopo, akasahau. Nilipaka ukuta mdogo wa jikoni kwangu, siku hiyohiyo. Na mtaa mzima nilikuwa nimeshawaambia kwamba rangi ile niliagiza, imekuja na meli, haipo kwa mtu mwingine yeyote. Mke wangu alikuwa ameshawaalika mashoga zake waje kuiona. Sasa ningesema nini mbele ya watu? Nilisema moyoni nitairudisha kimyakimya. Kesho yake.

Bi Mkubwa alipiga misumari iliyobaki. Ndoo ipo chini ya kitanda chake, na kila mchana anaweka kiti, anaitazama. Nyumba ya Itafaa imebaki saruji tupu. Fundi Mistari anaishi, anakula, amenenepa tena. Ila mkono wa kulia unaning'inia. Brashi hawezi kuishika. Nilimwona juzi mbele ya ukuta wa shule, ameshika brashi kwa kushoto, anajaribu kuvuta mstari, na mstari ule ungempoteza hata sisimizi. Aliponiona alinisalimia vizuri tu. "Vipi kaka, ngazi nzima?" Nikasema nzima. Nikatembea haraka.

Nimeukwangua ule ukuta wa jikoni mara tisa. Unga mtupu ndio unaotoka, na kesho yake rangi ipo palepale, imelowa. Saa sita mchana, mke wangu akiwa sokoni, mkono unatokea. Mkono tu, mweusi, mpaka begani, una brashi. Mstari wake umenyooka, haki ya Mungu, sijaona mstari kama ule. Kikopo kile kilitosha ukuta mmoja mdogo, na hata huo hakikuumaliza. Jana nilihesabu. Kuta tatu, na umeshaanza kona ya chumba cha kulala.

Nitampelekea Bi Mkubwa, nimeshasema nitampelekea. Kesho. Lakini nyie msimwambie mtu. Si Itafaa, si mke wangu. Na zaidi ya wote, nawaomba kwa miguu yenu, haya yasimfikie Fundi.